Bilal bin Rabah: Mzalia wa Makka na Mwadhini wa Kwanza

Historia ya chimbuko la Uislamu aghalabu husimuliwa kupitia kwa watu waliokuwa na koo za kujivunia. Mtume Muhammad (S.A.W.) alitoka katika ukoo wa Hashim. Abu Bakr alikuwa mfanyabiashara mashuhuri aliyezifahamu nasaba za Waarabu kuliko wengi wa wenzake. Umar na Uthman nao walikuwa na jamaa wa kuwatetea. Bilal bin Rabah hakuwa na lolote kati ya hayo. Nasaba yake inakomea kwa babake, na hata huyo hajulikani ila kwa jina na kwa utumwa wake. Licha ya hayo, ni nadra kumpata mtoto wa Kiislamu, awe ni wa Lamu, wa Nairobi au wa Damascus, asiyelijua jina la Bilal. Ni vyema basi maisha yake yaangaliwe kwa utulivu, si kama kisa cha jiwe na jua pekee, bali kama maisha ya mtu mzima aliyeishi takribani miaka 60, akapata uhuru, akafanya kazi, akakosea, akabishana na wakubwa na kufa mbali na mahali alipozaliwa.

Bilal alizaliwa mjini Makka katika miaka ya 580. Babake, Rabah, alikuwa mtumwa katika ukoo wa Jumah, mojawapo ya koo za kabila la Kuraishi. Mamake aliitwa Hamama, na wapokezi wengi wanasema asili yake ilikuwa Uhabeshi. Kiswahili kina neno mahususi kwa mtu wa aina hii: mzalia, yaani mtumwa aliyezaliwa nyumbani mwa bwana wake. Neno hili lilitumika sana katika pwani ya Afrika Mashariki hadi utumwa ulipofutwa kisheria, Unguja na Pemba mwaka wa 1897 na pwani ya Kenya mwaka wa 1907. Mzalia hutofautiana na mateka, kwa kuwa hana nchi nyingine anayoikumbuka. Lugha ya bwana ndiyo lugha yake, na mji wa bwana ndio mji wake. Jambo hili ni muhimu kulielewa, kwani baadaye litaeleza tendo moja la Bilal ambalo pasipo hilo lingeonekana la ajabu.

Wapokezi wameihifadhi sura yake. Alikuwa mrefu, mwembamba, mweusi sana, mwenye mgongo ulioinama kidogo, nywele nyingi na mashavu membamba. Zaidi ya yote, alikuwa na sauti.

Makka ya wakati huo ilikuwa mji uliojengwa bondeni, katikati ya milima mikavu, pasipo mto wala mashamba. Uhai wake ulitegemea mambo mawili. La kwanza lilikuwa Kaaba, nyumba iliyozungukwa na masanamu ya makabila mbalimbali na kuwavuta mahujaji kila mwaka. La pili lilikuwa misafara ya biashara iliyokwenda Yemen wakati wa baridi na Sham wakati wa joto. Mji haukuwa na mfalme, mahakama wala askari. Kilichomlinda mtu kilikuwa ukoo wake: aliyemuua mtu wa ukoo fulani alijua kwamba ukoo mzima ungeinuka kulipiza kisasi. Utaratibu huo ulimfaa mwenye jamaa. Asiyekuwa na jamaa, hasa mtumwa, hakuwa na wa kumdai damu yake. Bwana wake angeweza kumfanyia alitakalo, na majirani wakapita.

Kuanzia mwaka wa 610, Muhammad alianza kuwaambia watu wa karibu naye kwamba amepewa ujumbe. Kiini chake kilikuwa kifupi. Mungu ni mmoja, hana mshirika wala mwana. Masanamu hayawezi kudhuru wala kunufaisha. Kila mtu atafufuliwa baada ya kufa na kuulizwa juu ya matendo yake, naye atasimama peke yake, pasipo ukoo wala mali. Mwenye mali anawajibika kwa yatima na maskini. Wakuu wa Kuraishi walilielewa jambo hili upesi kuliko inavyodhaniwa. Waliona kwamba masanamu yakianguka, hadhi ya mji na faida ya mahujaji vingekuwa hatarini. Waliona pia, na pengine hili liliwachoma zaidi, kwamba mafundisho hayo yaliwafanya wazee wao waliokwisha kufa kuwa watu waliopotea, na kumfanya mtumwa aaminiye kuwa bora kuliko bwana asiyeamini.

Bilal alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuyapokea mafundisho haya. Mapokezi mashuhuri yanataja watu saba waliotangulia kuudhihirisha Uislamu wao hadharani: Muhammad mwenyewe, Abu Bakr, Ammar, mamake Ammar aliyeitwa Sumayya, Suhayb, Miqdad na Bilal. Yaliyowapata watu hao saba yanaonyesha vyema jinsi mji huo ulivyofanya kazi. Muhammad alilindwa na ami yake Abu Talib, na Abu Bakr akalindwa na jamaa zake. Waliobaki walivishwa dirii za chuma na kuanikwa juani. Sumayya aliuawa, naye huhesabiwa kuwa shahidi wa kwanza wa Kiislamu. Wengine, kwa kushindwa na maumivu, walitamka kwa ndimi zao yale waliyotakiwa kuyatamka, wala Uislamu haukuwalaumu kwa hilo.

Bilal hakutamka. Bwana wake, Umayya bin Khalaf, alikuwa mmoja wa vigogo wa ukoo wa Jumah. Alimtoa nje adhuhuri, jua likiwa utosini, akamlaza chali juu ya mchanga unaochoma na kuamuru jiwe kubwa liwekwe kifuani mwake. Alimtaka amkane Muhammad na kuwaabudu Lata na Uzza. Nyakati nyingine alitiwa kamba shingoni na kukabidhiwa watoto wa mjini, wakamburura katika mabonde ya Makka kama mchezo. Jibu lake lilikuwa neno moja tu la Kiarabu lenye maana kwamba Mungu ni Mmoja, akalirudia na kulirudia. Yafaa kuzingatia kwamba mtu huyu hakutoa hoja wala hotuba. Hakuwa na elimu ya mjadala, na hata kama angekuwa nayo, mwenye jiwe kifuani hana pumzi ya kujadiliana. Neno moja ndilo aliloliweza, nalo ndilo lililokuwa muhtasari wa dini yote.

Aliyemkomboa ni Abu Bakr. Kuhusu bei, wapokezi wametofautiana. Wapo wanaotaja wakia 5 za dhahabu, na wengine 7 au 9. Hata hivyo, yapo mapokezi mengine ya kale, yaliyomo katika sira ya Ibn Ishaq, yasiyosimuliwa sana kwenye mimbari. Kwa mujibu wa mapokezi hayo, Abu Bakr hakutoa dhahabu. Alimpa Umayya mtumwa wake mwingine, mweusi pia, mwenye nguvu kumshinda Bilal, na ambaye alikuwa angali katika dini ya akina Umayya. Kwa hivyo mtumwa mmoja aliingia uani na mwingine akatoka. Jina la huyo aliyeingia halikuhifadhiwa na yeyote. Uislamu haukuufuta utumwa kwa siku moja. Uliufanya ukombozi wa mtumwa kuwa ibada na kafara ya dhambi, ukamwekea bwana mipaka, lakini soko lenyewe likabaki. Anayeyasoma maisha ya Bilal kwa uaminifu hana budi kumkumbuka na huyo mwenzake. Abu Bakr aliendelea kuwakomboa wengine, wengi wao wanawake wanyonge kama Zinnira na Nahdiyya na bintiye, hata babake akamshangaa kwa kuwanunua watu wasioweza kumlinda badala ya wanaume wenye misuli.

Mwaka wa 615, kundi la Waislamu walioteswa lilivuka bahari kwenda Uhabeshi, nchi ya kina mamake Bilal, kuomba hifadhi kwa mfalme Mkristo, Najashi. Bilal hakuwamo katika msafara huo. Alibaki Makka hadi mwaka wa 622, Waislamu walipohamia Yathrib, mji ambao baadaye uliitwa Madina.

Huko Madina ndiko lilikotokea tendo lile lililodokezwa hapo awali. Wahamiaji wengi walipofika walishikwa na homa kali, kwani hewa ya mji huo wa mitende na maji yaliyotuama haikuwazoea. Abu Bakr, Bilal na Amir bin Fuhayra waliugua pamoja katika nyumba moja. Homa ilipompungukia Bilal, aliinua sauti yake na kuimba beti za kutamani kulala usiku mmoja tena katika bonde la Makka, penye nyasi zile za idhkhir na jalil, kuyafikia tena maji ya Majanna na kuiona milima ya Shama na Tafil. Kisha aliwalaani Utba, Shayba na Umayya kwa kuwafukuza katika ardhi yao. Mtu angetarajia kwamba aliyebururwa kwa kamba katika mabonde yale angeyachukia. Kumbe Bilal aliwachukia waliomburura, si mabonde. Makka ilikuwa kwao. Hakuwa na kwingine.

Muhammad aliwafanya wahamiaji na wenyeji kuwa ndugu, wawili wawili. Bilal, kwa mapokezi ya Ibn Ishaq, aliunganishwa na Abu Ruwayha wa kabila la Khatham. Undugu huo haukuwa wa maneno matupu, kama itakavyoonekana.

Msikiti wa Madina ulipokwisha kujengwa kwa matofali ya udongo, nguzo za mitende na paa la makuti, kulizuka swali dogo la kimatendo: watu wataitwaje kusali? Wayahudi walikuwa na baragumu na Wakristo walikuwa na ubao wa kugongwa. Mwislamu mmoja wa Madina, Abdullah bin Zayd, aliota akifundishwa maneno ya kuitia. Alipomweleza Mtume, aliambiwa amfundishe Bilal, kwa sababu sauti ya Bilal ilikuwa nzuri na ya mbali kuliko yake. Hivyo mwotaji alikuwa mwingine na mwitaji akawa mwingine. Hakukuwa na mnara. Bilal alipanda juu ya nyumba ya mwanamke mmoja wa ukoo wa Najjar, iliyokuwa ndefu kuliko zote karibu na msikiti, akaketi pale kabla ya alfajiri akiitazama mbingu, na alipoona mapambazuko alisimama na kuadhini. Misikiti mingi ya kale ya Waswahili haikuwa na minara pia, na mwadhini alipanda darini kwa ngazi, kama alivyofanya Bilal.

Katika mwezi wa Ramadhani kazi hii iligawanywa. Bilal aliadhini usiku ungalipo, ili anayesali apumzike na aliyelala aamke kula daku. Ibn Umm Maktum, aliyekuwa kipofu, aliadhini alfajiri ilipoingia, baada ya kuambiwa na watu kwamba kumekucha. Kwa ufupi, waadhini wawili wa Mtume walikuwa mtumwa aliyekombolewa na kipofu.

Kuna simulizi lililoenea kwamba Bilal hakuweza kuitamka herufi ya shin ya Kiarabu na badala yake alitamka sin, eti kwa sababu ya asili yake ya Kihabeshi. Simulizi hilo hupendwa sana na wahubiri, lakini wanazuoni wa Hadithi, akiwamo Ibn Kathir, wamelikana na kusema halina asili. Nalo halipatani na mantiki. Bilal alizaliwa na kukulia miongoni mwa Makuraishi, na Kiarabu ndicho kilichokuwa lugha yake tangu utotoni. Wala haingii akilini kwamba mtu angeteuliwa kwa ubora wa sauti yake ilhali hawezi kuyatamka maneno yenyewe. Inaelekea kwamba waliolitunga walitaka kumhurumia mgeni. Hawakutambua kwamba kwa kufanya hivyo walimfanya mgeni mtu ambaye hakuwa mgeni.

Vita vya Badri, mwezi wa Machi mwaka wa 624, vilimkutanisha Bilal na Umayya. Umayya alikuwa sasa mzee mnene. Alikuwa na urafiki wa zamani na Abdurrahman bin Auf, Mwislamu na mfanyabiashara, na wawili hao walikuwa wameandikiana mkataba wa kulindiana mali, mmoja Makka na mwingine Madina. Makuraishi waliposhindwa, Abdurrahman alikuwa akipita uwanjani amebeba dirii alizoziteka. Umayya alimwita, akiwa ameushika mkono wa mwanawe, akajitoa kuwa mateka wake. Kwa mfanyabiashara, mateka tajiri ana faida kuliko dirii, maana atakombolewa. Abdurrahman alizitupa zile dirii na kuwashika mikono. Ndipo Bilal alipowaona. Alipaza sauti, ile ile aliyoadhinia, akiwaita Maansari na kuwatangazia kwamba kichwa cha ukafiri kiko hapa, na kwamba yeye hataokoka ikiwa huyu ataokoka. Abdurrahman alijaribu kuwazuia, hata akajilaza juu ya Umayya kumkinga kwa mwili wake, lakini panga zilipenyezwa chini yake. Mwana aliuawa, na baba akauawa. Miaka mingi baadaye Abdurrahman alikuwa akisema kwa masikitiko kwamba Bilal alimkosesha dirii zake na mateka wake pia.

Wapo wanaokisimulia kisa hiki kwa shangwe na wapo wanaokiruka. Njia zote mbili hazimtendei Bilal haki. Hakuwa malaika. Alimwona mtu aliyemlaza juani, na mtu huyo alikuwa anakaribia kuondoka salama kwa sababu ya urafiki na mali, yaani kwa utaratibu ule ule wa Makka ambao Bilal hakuwahi kuwa na fungu ndani yake.

Mbali na adhana, Bilal alikuwa mweka hazina wa nyumba ya Mtume. Alipokuja mgeni asiye na nguo, Bilal ndiye aliyekwenda kukopa, akanunua joho na kumlisha mgeni. Katika sikukuu ya Idi, wanawake walipohimizwa kutoa sadaka, walivua pete na vipuli vyao na kuvitupa katika nguo aliyoikunjua Bilal. Kazi hiyo haikukosa mitihani. Wakati mmoja alileta tende bora ambazo alizipata kwa kutoa pishi mbili za tende duni na kupokea pishi moja. Mtume alishtuka na kumfahamisha kwamba hiyo ndiyo riba yenyewe. Ilimpasa aziuze zile duni kwa fedha, kisha anunue nzuri kwa fedha hizo. Mojawapo ya kanuni za msingi za biashara ya Kiislamu ilifafanuliwa kutokana na kosa la Bilal sokoni.

Mtihani mkubwa zaidi ulitokana na deni. Mtu mmoja mshirikina alijitolea kuwa mkopeshaji wake wa pekee, na Bilal akamwendea mara kwa mara. Siku moja, ikiwa zimebaki siku nne mwezi uishe, mtu huyo alimkabili mbele ya wafanyabiashara wenzake, akamwita kwa weusi wake na kumwambia kwamba muda ukifika atamkamata kwa deni hilo na kumrudisha kuchunga kondoo kama zamani. Usiku ule Bilal alipanga kutoroka hadi kwa makabila yaliyosilimu, mpaka Mungu atakapoleta cha kulipia. Aliweka karibu na kichwa chake upanga, mfuko, viatu na ngao, akasubiri alfajiri. Kabla hajaondoka aliitwa. Ngamia wanne walikuwa wamepiga magoti mlangoni, wamebeba nguo na chakula kilicholetwa na mkuu wa Fadak. Deni lililipwa, na kilichobaki kikagawiwa hadi kikaisha. Kisa hiki kinaonyesha jambo ambalo sifa nyingi za Bilal hulificha. Alikuwa ameachwa huru kwa miaka mingi, alikuwa mwadhini na mtunza mali wa kiongozi wa dola, lakini ilitosha deni moja na ulimi mmoja mchafu kumfanya alale na viatu pembeni mwa kichwa.

Hata ndani ya jamii ya Waislamu hakusalimika kabisa. Inapokewa kwamba Abu Dharr, mtu mcha Mungu asiyetiliwa shaka, aligombana na mwenzake na kumtusi kwa weusi wa mamake. Baadhi ya mapokezi yanamtaja mwenzake huyo kuwa ni Bilal. Mtume alimkemea Abu Dharr kwa ukali na kumwambia kwamba ndani yake bado mna ujahili.

Mwaka wa 628, jeshi likirejea kutoka Khaybar, lilipiga kambi usiku likiwa limechoka. Bilal ndiye aliyeachiwa jukumu la kukesha na kuwaamsha watu. Alisali kadiri alivyoweza, kisha akamwegemea ngamia wake akiutazama upande wa mashariki. Walioamshwa waliamshwa na joto la jua. Alipoulizwa, alijibu kwamba kilichomshika Mtume ndicho kilichomshika naye. Hakuna aliyemwadhibu. Walisogea mbele kidogo, Bilal akaadhini, nao wakasali.

Mnamo Januari 630, Waislamu waliingia Makka karibu pasipo vita. Masanamu yalivunjwa. Mtume aliingia ndani ya Kaaba akiwa na watu watatu: Usama bin Zayd, Uthman bin Talha aliyekuwa na funguo, na Bilal. Ibn Umar alipotaka kujua Mtume alisali wapi mle ndani, Bilal ndiye aliyemuuliza. Halafu adhuhuri ilipofika, Bilal aliamriwa apande juu ya Kaaba na kuadhini.

Chini, katika ua, waliketi wakuu wa Kuraishi waliosalia. Attab bin Asid alishukuru kwamba babake alikufa kabla ya kusikia haya. Al-Harith bin Hisham naye alisema maneno ya kukirihika. Abu Sufyan alikataa kusema lolote, akihofia kwamba hata changarawe zingemsemea. Baadhi ya wafasiri huinasibisha na siku hiyo aya ya 13 ya sura ya Al-Hujurat, inayoeleza kwamba wanadamu wameumbwa mataifa na makabila ili wajuane, na kwamba aliye mtukufu zaidi ni mcha Mungu zaidi. Mzalia wa ukoo wa Jumah alikuwa amesimama juu ya nyumba tukufu kuliko zote za Uarabuni, akiutazama mji ambao mitaa yake aliijua kwa mgongo wake.

Mtume alifariki mwezi wa Juni 632. Bilal hakuweza kuendelea. Kila alipolifikia jina la Muhammad katika adhana, sauti ilimkatika. Alimwomba Abu Bakr, aliyekuwa sasa khalifa, ruhusa ya kwenda mipakani kupigana jihadi. Abu Bakr alitaka abaki. Bilal alimkumbusha kwamba ikiwa alimkomboa kwa ajili ya nafsi yake, basi amzuie, na ikiwa alimkomboa kwa ajili ya Mungu, amwache aende. Wapokezi wengine wanasema alikaa hadi Abu Bakr alipofariki mwaka wa 634 ndipo akaondoka. Vyovyote iwavyo, miaka yake ya mwisho ilikuwa Sham, wakati majeshi ya Waislamu yalipokuwa yakiiteka nchi hiyo kutoka kwa Warumi wa Bizanti. Damascus iliangukia mikononi mwao, vita vya Yarmuk vya mwaka wa 636 vikavunja nguvu za Warumi huko, na Jerusalem ikasalimu amri muda si mrefu baadaye.

Umar bin al-Khattab alimheshimu Bilal hivi kwamba alimwita bwana aliyekombolewa na bwana. Heshima hiyo haikumnyamazisha Bilal. Baada ya ushindi lilizuka swali la ardhi. Je, igawiwe wapiganaji kama ngawira nyingine, au ibaki mikononi mwa wakulima wake, itozwe kodi, na kodi hiyo iwe ya vizazi vyote? Umar alishikilia rai ya pili. Bilal alikuwa miongoni mwa waliompinga vikali zaidi, akitaka igawiwe. Alimshikilia Umar hata khalifa huyo, ambaye wengi walimwogopa, akaishia kumwomba Mungu amwepushie Bilal na wenzake. Rai ya Umar ndiyo iliyoshinda, na huenda ilikuwa bora, kwani dola yote iliyofuata ilijengwa juu ya kodi hiyo. Lakini picha ya Bilal akibishana na khalifa kuhusu uchumi wa ardhi ni tofauti mno na ile ya mtumwa mnyenyekevu aliyezoeleka vitabuni.

Mwaka wa 638, Umar aliamuru jemadari Khalid bin al-Walid ahojiwe kwa kumzawadia Ash'ath bin Qays dirhamu 10,000. Khalid alisimamishwa mbele ya watu na kuulizwa chanzo cha fedha hizo, akanyamaza. Hakuna aliyethubutu kumgusa. Bilal aliinuka, akamvua kilemba, akamfunga mikono kwa kilemba hicho na kumuuliza tena. Khalid alijibu kwamba zilikuwa mali yake mwenyewe. Bilal alimfungua, akamvika kilemba kwa mikono yake na kumpa heshima yake.

Umar alipozuru kambi ya Jabiya huko Sham, watu walimsihi amwombe Bilal aadhini tena. Alikubali. Inapokewa kwamba maswahaba walilia siku hiyo kuliko walivyowahi kulia, na Umar ndiye aliyelia zaidi. Kipo pia kisa mashuhuri zaidi, kinachosomwa katika hafla nyingi, cha Bilal kurudi Madina baada ya ndoto na kuadhini kwa ombi la Hasan na Husein, mji mzima ukatoka nje ukilia. Hata hivyo, wahakiki wa Hadithi kama Dhahabi na Ibn Hajar hawakukikubali.

Umar alipoanzisha daftari za kuwasajili wapiganaji kwa makabila yao ili walipwe posho, Bilal aliulizwa aandikwe na nani. Mtu asiye na kabila alipaswa kuchagua. Alisema aandikwe pamoja na Abu Ruwayha, ndugu yake aliyepewa Madina, ambaye hatamwacha. Kwa sababu hiyo Wahabeshi wote walioko Sham waliandikwa pamoja na kabila la Khatham, na daftari lao likaendelea kuwa hivyo kwa vizazi kadhaa.

Alifariki mwaka wa 20 wa Hijra, yaani 640 au 641, ingawa wapo wanaotanguliza tarehe hiyo kwa miaka miwili au mitatu, wakiinasibisha na tauni ya Amwas. Mkewe alikuwa akiomboleza kando ya kitanda. Yeye alimtaka afurahi badala yake, kwa kuwa kesho angekutana na wapenzi wake, Muhammad na wafuasi wake. Wengi wanasema alizikwa Damascus katika makaburi ya Bab al-Saghir, na wengine hutaja Halab. Hakuacha watoto wanaojulikana. Kazi ya adhana mjini Madina ilikuwa imekwisha kukabidhiwa Sa'd al-Qaraz, aliyekuwa mwadhini wa msikiti wa Quba, na wanawe wakairithi.